Kabla hujapanda yoti ya mtu: habari ya kaka yangu Khamis na birika la kunawia

Assalaam alaykum vijana.

Humu ndani nyote mnaitana wakuu, hata mwenye ndevu tatu. Mimi nna wajukuu waliokuzidini umri, kwa hiyo nitakuiteni wanangu. Asiyetaka apite.

Nnaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Chuo cha Kurani nilihitimu, skuli nilikwenda kidogo tu nikatolewa. Herufi zikinipotea mtanisamehe. Mambo yenyewe hayajanipotea, maana birika nilikuwa nimelishika mimi.

Nimesoma uzi wa kijana anauliza vipi mtu asiyejua kitu atapata nafasi ya ubaharia kwenye yoti ya mtu binafsi. Mmemjibu wengi. Mmoja kasema nenda pwani ujionyeshe una nguvu. Mmoja kasema ingia kwenye magrupu ya mtandaoni. Mwingine kasema ukipata wewe panda tu, mengine utayajua mbele.

Huyo wa mwisho kaninyima usingizi. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Sultani yupo. Tulikuwa tunakaa Malindi, mtaa wa mjini huku kwetu visiwani, nyumba ya vyumba viwili na uwa. Mimi, mama yetu, kaka yangu Khamis, na Bibi, mama yake baba. Baba alikwishafariki kwa homa. Mama akishona kofia, Khamis akichukua makapu ya watu soko la Darajani. Mwanamme ndani ya nyumba alikuwa yeye peke yake.

Bahari kwa Khamis ilikuwa ya kuogelea, basi. Lakini alikuwa na wazimu wa yoti. Zilikuwa zikitia nanga mbele ya Shangani, nyeupe, nyembamba, hazibebi mzigo wala hazivui. Mwenyewe anatembea nayo tu duniani na mkewe au rafiki zake. Sisi wengine tukizitazama tunarudi nyumbani. Khamis akizitazama harudi.

Sasa wewe kijana mwenye uzi, hapa sikiliza vizuri, maana njia ya Khamis ilikuwa ya akili.

Mwenye yoti akifika bandarini lazima aende sokoni. Ndizi, mayai, malimau, atatafuta tu. Khamis akimchukulia kapu, hamwachi njiani. Anakwenda naye mpaka pwani, anamsaidia kusukuma kile kimashua chao kidogo cha kuvukia, halafu anaaga anaondoka. Siku hiyo haombi kitu. Kesho yake yule mtu mwenyewe ndiye anayemtafuta sokoni. Wakishazoeana ndipo Khamis anamuuliza kama chomboni pamepungua mkono. Akiulizwa anajua nini, anasema kweli, hajui kitu, lakini hachoki na hachagui kazi.

Wa kwanza aliyemkubali alikuwa mzungu mkubwa mwekundu, katokea Nairobi, mcheshi sana. Baharia wake mmoja alikuwa kaumwa kabaki Dar es Salaam. Kamwambia Khamis njoo, Ijumaa ikipita tunaondoka. Kampa na kofia ya kitambaa.

Khamis kaingia nyumbani na ile kofia kichwani. Mama kacheka. Halafu nikaona anaacha kucheka.

Zama zile, na kwetu sisi mpaka leo, mtu hapandi chombo bila radhi ya wakubwa wake. Angeweza kutoroka, pwani si mbali. Lakini hakuna kijana wa Malindi aliyekuwa na kifua cha kukaa katikati ya bahari akijua mzee wake hakuridhia. Kwa hiyo yote yalikuwa mikononi mwa Bibi.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Akasema, "Mwambie aje ale."

Khamis akasema, "Bibi, mzungu hatokuja kukaa mkekani hapa."

"Basi na wewe hutokwenda kukaa chomboni mwake."

Kilichonishangaza ni kwamba yule mzungu alikubali, tena kwa furaha.

Mama kapika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na mkate wa kumimina. Bibi kaniita uani. Nilikuwa mtoto wa kike bado sijavaa buibui, kwa hiyo kunawisha wageni ilikuwa kazi yangu. Nyinyi mliozaliwa na bomba, kunawisha ni hivi: unashika birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine, unammiminia mgeni kabla hajatia mkono kwenye chakula.

Bibi akaniambia, "Mimina mpaka akwambie basi. Usisimame mwenyewe." Akamgeukia Khamis akamuapisha asimtamkie mgeni neno lolote katika hilo. Hatukuelewa, si mimi si yeye.

Mzungu kaingia anacheka. Kiswahili chake cha bara, anamwita Bibi "wewe mama". Kakaa mkekani, miguu haijui pa kwenda. Nikaanza kumimina.

Akanawa. Akasugua, akageuza, maji yakapanda mpaka viwiko. Akajipangusa na uso. Beseni likajaa. Birika likaisha, na yeye mikono bado kaikinga ananingoja. Nikaenda mtungini nikajaza tena, nikarudi nikamkuta vile vile. Watu wote tukacheka, na yeye akacheka.

Akala vizuri, akasifu, akampiga Khamis bega, akaondoka.

Bibi akasema, "Hapana."

Khamis hakuamini. Akamuuliza, "Kafanya nini, Bibi?"

"Kanawa."

Basi. Akaanza kukusanya vyombo.

Nyumba ilikuwa nzito siku zile. Khamis akimpa Bibi shikamoo asubuhi kwa sababu hana budi, halafu mdomo unafungwa mpaka kesho yake. Nafasi yake akaichukua Makame, kijana wa Kitumbatu waliyekuwa wakifanya kazi pamoja sokoni. Yoti ikaondoka. Barazani wakapata la kusema. Khamis akipita wanamuuliza, "Leo umenawa, au umekatazwa?"

Siku moja namenya vitunguu na Mama, nikamuuliza. Akatazama kwanza mlangoni. Akanambia Bibi ujanani alisafiri na mumewe kwenda Lamu, upepo ukakatika njiani. Nahodha wao alikuwa mtu wa kujipenda, siku za mwanzo alioga kwa maji ya kunywa. Mwishowe wakawa wanagaiwa maji kwa kifuu, na kifuu kikianza kwake yeye nahodha. Bibi aliondoka na mtoto mchanga. Alirudi hana mtoto.

Mama akasema nisimuulize Bibi hata siku moja. Sikumuuliza.

Sasa sikilizeni, maana nataka kusema kweli. Ile yoti haikuzama. Wala hawakufa kiu. Makame karudi mzima, mnene, kavaa miwani ya jua na viatu vya turubai. Khamis kamleta mpaka nyumbani makusudi, kamsimamisha mbele ya Bibi.

Bibi kamuitikia salamu, kamwambia alhamdulillahi. Makame alipoondoka, akamwambia Khamis, "Mimi sikusema chombo kitazama. Nimesema maji yakiwa kidogo, yule atanawa yeye kwanza."

Mpaka leo sijui kama alimtendea haki yule mtu. Labda maji yalimtosha kila safari mpaka akafa mzee kitandani kwake. Lakini hukuti mtu kajiandika usoni, na Bibi alikuwa na pahala pamoja tu pa kumsomea.

Msimu wa pili Khamis alikuwa kakonda. Alimwambia Mama, na mimi nikasikia, kwamba akikataliwa tena atakwenda zake bara na habari yake hatutoisikia. Mama akalia. Bibi hakuambiwa, ila nadhani alijua.

Ikaja yoti ndogo kuliko ile, rangi imebabuka. Mwenyewe mzungu mzee, mwembamba, hana maneno, na mkewe ndiye anayeshika usukani. Wanakwenda Shelisheli na mbele yake. Walikuwa wanataka mtu mmoja, na walisema afadhali asiyejua, maana anayejua anabishana. Khamis akapita njia yake ile ile, kapu, kimashua, subira. Wakamtaka.

Bibi akasema, "Waje wale."

Siku ile Khamis alikwenda kuwachukua pwani. Aliwafundisha wageni salamu njiani, na wao wakazichanganya. Yule mzee kanipa shikamoo mimi, mtoto, kisha akamgeukia Bibi akamwambia marahaba. Siku nyingine tungekufa kwa kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nikatoka na birika.

Khamis akanitazama. Hawezi kusema, kaapa. Macho yake yakaniambia yote. Na mimi nilijua ningeweza kuinua mkono kidogo tu, maji yakasimama, na nani angesema si yule mzee aliyetaka yasimame. Nikamtazama Bibi. Hanitazami mimi wala hamtazami Khamis. Anaitazama mikono ya mgeni.

Nikamimina. Mdomo wa birika unagonga beseni.

Maji yalipomgusa tu mzee, mkewe akapitisha mikono yake chini ya mikono ya mumewe, yale maji yanayomdondoka huyu yakamnawisha yule. Hawakuambiana. Hawakutazamana hata. Ni kama mimi na wewe tunavyovua viatu mlangoni. Mzee akainua kidole akanambia, "Basi."

Mimi kwa hofu sikusimama. Akaushika mdomo wa birika kwa kidole, akausukuma juu taratibu. "Basi, basi. Maji."

Birika lilikuwa bado zito.

Bibi akamwambia Mama, "Pakua."

Khamis akaweka uso kwenye magoti akakaa hivyo mpaka sinia likafika.

Msidhani yaliishia pale. Baada ya kula Bibi alimuuliza yule mzee, kijana wake atalala wapi, atakula nini maana ni Muislamu, na akiumwa au wakigombana atarudi vipi. Mzee akajibu moja moja, Khamis akafasiri kwa Kiingereza chake cha sokoni. Kwenye kurudi akasema atampakia meli kwa gharama yake, popote watakapokuwa. Na yeye akasema ana sharti. Anataka kumjaribu kijana kwanza, waende mpaka Mtoni, kijiji cha pwani jirani, na kurudi. Bibi alifurahi sana kwa hilo. Alisema mtu anayejaribu watu ana kitu anachokiogopa baharini, na asiyeogopa kitu hamtaki.

Khamis alitapika kwenda na kutapika kurudi. Karudi rangi imemtoka, anaona haya kuingia ndani. Mzee akamwambia kila anayeanza anatapika, yeye alikuwa anatazama kama kamba ataiachia. Hakuiachia.

Bibi akatoa radhi. Khamis akaondoka.

Na sisi tukakaa.

Hayo ya kukaa nyinyi wenye simu hamyajui. Khamis kuandika hajui, sisi barua kusoma hatujui. Meli ikipiga honi Mama anatupa sindano anakwenda kuchungulia. Upepo ukivuma tunanyamaza, upepo ukikatika tunanyamaza zaidi. Bibi akinywa maji anakunywa nusu kikombe, nusu anairudisha mtungini. Nilimwona. Aliyekuwa na uhakika kuliko sote alikuwa na hofu kuliko sote.

Ramadhani ikaja ikapita. Mama akaanza kumwangalia Bibi kwa jicho ambalo sikulipenda.

Khamis alikuja adhuhuri moja kwa meli ya abiria, mweusi kama mkaa, mikono migumu, mzigo begani. Mzee wa watu katimiza ahadi. Mama akampokea mzigo. Tukamkalisha Khamis mkekani, chakula kikaletwa, mimi nikatoka na birika kama kwa mgeni.

Nikammiminia kidogo tu. Akainua kidole.

Hakujua kama kainua. Alikuwa anazungumza na Mama.

Bibi akanyanyuka, akaenda uani, akakaa huko mpaka wali ukapoa.

Khamis alisafiri tena na tena, mwisho akawa serahangi, msimamizi wa mabaharia. Kafariki kitandani kwake, na watoto wake wamemzunguka. Mungu amrehemu.

Kwa hiyo kijana, nafasi utaipata. Nenda sokoni, nenda pwani, saidia bila kuomba, sema kweli kwamba hujui. Hilo si gumu. Gumu ni kujua unaingia mikononi mwa nani, na hilo hulijui kwa kuitazama yoti. Mtazame mtu anavyotumia kitu kitakachokuwa adimu kule mnakokwenda. Na mwache naye akujaribu, siku moja, pwani ikiwa inaonekana.

Anayeona mimi mkorofi aandike hapa chini, nitasoma kwa miwani. Na aliyewahi kupanda chombo cha mtu atuambie alimjuaje mwenyewe kabla ya nanga kung'oka. Msiniandikie vifupisho.

Yote haya yamenijia kwa sababu mjukuu wangu, anayefundisha wageni mchezo wa vishada vya baharini huko Paje, kapata nafasi ya kuanzia kwenye yoti ya mtu ambaye hawajaonana. Wameandikiana kwenye simu. Kanionyesha video yake. Meno mazuri.

Jana niliwaita wote sebuleni. Nimewaambia yoti ikitia nanga, mtu huyo aje ale hapa kabla begi la mtoto halijatoka mlangoni. Bomba la sinki lifungwe siku hiyo. Birika lishushwe juu ya kabati, lijazwe mpaka mdomoni, na atakayemnawisha asisimame mpaka aambiwe basi.