Kabaila Wangu na Kikao cha Ukoo

Miaka yangu ya kwanza Toronto niliimaliza na Mwingereza mmoja aliyekufa karne ya kumi na tatu. Alikuwa kabaila wa kawaida tu, mwenye vijiji viwili, kinu cha maji na kesi nyingi za mipaka. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa historia, na tasnifu yangu ilikuwa kumfuatilia yeye na ukoo wake: alizaliwa na nani, alioa wapi, ardhi aliipataje, na baada yake ikaenda kwa nani. Akina mama wa kanisani kwetu, wengi wao Wakongo na Warundi, waliposikia kwamba nashinda maktaba na marehemu wa Kizungu, wakawa wananiuliza kila Jumapili kama bwana wangu hajambo. Niliwajibu hajambo, anawasalimu.

Nilipanga chumba Weston, kwenye ghorofa kuukuu linalotazama mto Humber, na asubuhi nikipanda treni kwenda katikati ya jiji. Baba yangu, mkulima wa machungwa Muheza, aliwahi kuniuliza kwenye simu kama Waingereza wenyewe wamekosa mtu wa kuwahesabia wafu wao hata wamwagize mtoto wa Kibondei. Nilicheka.

Nilichokipenda zaidi ni zile hati za viapo. Enzi zile, mwenye ardhi akifa, ofisa wa mfalme alikuja akawakusanya wanaume wa jirani, wakaapa, kisha wakaulizwa marehemu alishika ardhi ipi, mrithi wake ni nani na ana umri gani. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo, kwa hiyo palipokuwa na ubishi wa umri kila shahidi alieleza kwa nini anakumbuka. Mmoja anaikumbuka siku mtoto alipobatizwa kwa sababu siku hiyo yeye alianguka akavunjika mguu. Mwingine siku hiyo alimzika mamaye. Mwingine nyumba yake iliungua. Ni kama kwetu, ambako mtu huzaliwa mwaka wa nzige na hakuna anayebisha. Nilikuwa nawasoma nacheka peke yangu mpaka watu wa meza za jirani wanageuka.

Lakini kabaila wangu alikuwa na mtoto mmoja aliyenikosesha raha. Ametajwa mara moja tu, shahidi wa mwisho kwenye hati ya kuuziana konde, kama mtoto wa fulani. Baada ya hapo kimya. Wakati wa mirathi wazee wote waliapa na hakuna aliyemtaja. Nikawachukia wale wazee. Mlimjua, nikawaambia, mlikula naye, mkafyata ndimi. Niliandika ukurasa mzima wa hasira, na profesa aliyenisimamia akaukata wote.

Baba alifariki nikiwa katikati ya sura hiyo. Kibali changu cha kukaa Kanada kilikuwa kimeisha na kinashughulikiwa upya. Kama ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo baba alizikwa Muheza, mimi nikiwa Weston nimekaa sakafuni, akina mama wa kanisani wamejaa chumba kizima wanaimba. Hilo nalo ninalo moyoni, na sijui nitalitua wapi.

Baada ya matanga, baba mdogo aliyesimamia msiba akanipigia. Kwetu, kabla mirathi haijafika mahakamani, ukoo hukaa kikao, hutaja warithi na kumteua msimamizi, na muhtasari wa kikao ndio hupelekwa kwa hakimu. Mjane hukaa chumba cha ndani na wanawake wenzake. Huitwa mwishoni, wanaume wakishamaliza. Sasa, baba mdogo akasema, msibani amejitokeza kijana anayesema ni mtoto wa marehemu. Mama yake mzazi hayupo tena duniani. Wazee wengine wanamkubali kwa sura, wengine wanasema sura si ushahidi. Mimi ndiye kifunguamimba.

"Wakati kijana huyu anazaliwa ulikuwa na akili zako," akasema. "Kama kuna unalolijua, kesho utalisema mbele ya watu."

Nilikuwa nalijua. Nilikuwa darasa la pili, nimeanguka kutoka kwenye mchungwa nikavunjika mkono, na baba anajaza upepo baiskeli anipeleke hospitali ya misheni. Akaja mwanamke amebeba mtoto mchanga. Walizungumza uani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Baba akampokea yule mtoto, akamtazama, akamwambia yule mwanamke, "Ni wangu, sikatai." Hospitali tulichelewa, na mkono wangu wa kushoto haunyooki sawasawa hadi leo. Habari ile haikutajwa tena nyumbani kwetu. Mtoto wa kike wa kwanza hujifunza mapema yapi hayaulizwi.

Siku ya pili asubuhi, kule nyumbani ikiwa jioni, nilinunua kadi ya simu kwenye duka la chini ya ghorofa letu, nikakwangua namba, nikapiga. Baba mdogo aliiweka simu yake mezani wote wasikie. Nilisikia kuku, nikasikia vikohozi na mtu anavuta kiti. Akanitambulisha kuwa ni binti yetu msomi aliyeko Kanada.

Nilisema vizuri. Linaloniuma ni hilo, kwamba nilisema vizuri mno. Nilieleza mchungwa, baiskeli, yule mwanamke, maneno ya baba neno kwa neno. Nikataja na unga mikononi mwa mama, kwa kuwa mtafiti hutaja na nani mwingine alikuwapo. Nikawaambia mkono wangu ndio shahidi, asiyeamini aje auone. Nilijiona nimekaa benchi moja na wale wanaume wa kabaila, ila mimi ndiye niliyefungua kinywa. Utamu ulionijaa pale haukuwa wa kumtetea yule kijana. Ulikuwa wa sura yangu ya tasnifu.

Kisha nikasikia sauti ya shangazi mmoja kutoka mlango wa chumba cha ndani, taratibu kabisa: "Kumbe wifi alijua siku zote." Kadi ikaisha.

Kijana aliandikwa mrithi, ikawa haki. Ni mtu mwema. Huniita dada, na baadaye simu zilipoanza kupeleka picha akawa ananitumia za miche yake ya machungwa. Mama ndiye aliyelipa. Kuanzia siku ile alikuwa mwanamke aliyemficha mtoto wa mumewe. Mashangazi waliacha kupita kwake, na kwenye harusi za ukoo wakawa wanamkaribisha kama mgeni wa mbali. Hakunilaumu hata mara moja. Kila nikipiga aliniuliza kama nakula na kama baridi imepungua. Afadhali angenitukana. Mimi nilijituliza kwa kujiambia kwamba msema kweli mpenzi wa Mungu, na methali hiyo ilinitosha kwa miaka kadhaa.

Nikamaliza tasnifu, nikapata kazi ya ofisini Don Mills, nikaolewa. Mtoto wangu alipozaliwa, mama akapata viza, akaja kutulea. Alasiri moja theluji inaanguka, mtoto yuko mapajani mwake anakandwa mafuta, akaliona lile buku langu kwenye rafu akaniuliza kama ndilo la yule Mzungu wangu. Akataka nimsimulie. Nikamsimulia viapo, na yule aliyevunjika mguu akamchekesha sana. Kisha akauliza kama na wanawake waliapishwa. Nikamwambia hapana, wanaume tu.

"Mkewe alikuwa ameshakufa?"

"Alikuwapo. Aliishi miaka mingi baada yake."

"Nani jina lake?"

Nikamwambia kwamba hati zinasema mkewe, basi. Hata mimi nilimweka hivyo hivyo, kwenye tanbihi. Mama akaendelea kuikanda miguu ya mjukuu wake, kidole kimoja kimoja.

"Yule kijana alikuwa jikoni," akasema.

Sikumwelewa. Nikamuuliza kijana gani.

"Ndugu yako, siku ya kikao. Nilimwita mimi, shati nikampigia pasi mimi. Alikuwa anakuna nazi anangoja niitwe. Wakiniita, nimshike mkono tuingie wote, niseme huyu ni mwanangu, mume wangu kaniachia. Tangu mama yake afariki nilikuwa nayapanga hayo maneno."

Nikamuuliza ikawaje.

"Ukasema wewe. Wakamwita wao, akaingia peke yake. Mimi walipokuja kuniita, nilikuwa naitwa kujibu."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na sikuwa na methali yoyote. Alisema alishanisamehe zamani, na kwamba mtoto anasikia baridi, nilete blanketi. Nilipofika mlangoni akasema, kwa sauti ileile ya kuniulizia chakula:

"Ila ungenipigia mimi kwanza, mwanangu."

Simu alikuwa nayo. Nilimtumia mimi mwenyewe, kwa mkono wa mtu wa kanisani aliyekuwa anakwenda nyumbani. Muda wote nilipokuwa natoa ushahidi wangu, ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake, chumba cha ndani.