Vikombe vya Bibi Barazani

Tulihamia kijiji cha ujamaa kwa hiari yetu, na lori likaja kuisaidia hiari yetu kupanda. Kutoka mahameni kwetu hadi kijiji kipya, nje kidogo ya Newala, barabara ilikuwa na mashimo ya kutosha kumaliza vyombo vya Bibi: buli, bakuli zenye maua ya buluu na vikombe ambavyo marehemu Babu alivinunua ng'ambo ya Ruvuma, kabla ya vita vya huko. Vilifika vimemeguka midomo, vikombe havina mikono.

Bibi alivitazama, kisha akazitazama nyumba.

"Zimepangwa kama gwaride," akasema. "Na majirani simjui hata mmoja. Nikifa hapa atanililia nani?"

Akafunga kifurushi, akaenda Tandahimba kwa mjomba, "kutazama tu." Sote tulijua akipapenda atarudi kuchukua vitu vyake, basi. Mimi nilikuwa nikilala na Bibi kitanda kimoja tangu naachishwa ziwa. Nililia siku nzima, halafu nikapata wazo.

Nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini kwa kuota mchana nilikuwa nimefika mbali. Kule Lulindi niliwahi kuona kikombe chenye ua dirishani kwa muuguzi, na tangu hapo niliamini kuwa nyumba yenye ua kikombeni haikimbiwi na mtu. Bibi angekuta vyombo vyake vimechanua barazani, angeisahau Tandahimba.

Baba na Mama walikuwa wamerudi mahameni kuokota korosho, maana mikorosho haikupandishwa lorini. Mama aliniachia onyo moja tu: "Maji ya ndoo hii nimepanda nayo kutoka bondeni. Ukichezea hata tone, utanijua."

Kwa hiyo maua yalikunywa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Lakini chombo cha maua sharti kitobolewe chini, maji yasituame mizizi ikaoza. Hilo nililijua kutoka bustani ya shule. Nilikifudikiza kikombe juu ya mchanga uliolowa, nikasimamisha msumari katikati ya kitako, nikagonga kwa jiwe taratibu, kama mtu anayebisha hodi ukweni. Vilivyokubali nikavijaza udongo, nikapanda vile viua vyekundu vinavyofunguka jua likichoma. Nikavipanga barazani mstari mmoja, nyumba yetu nayo iwe na gwaride lake.

Asubuhi jirani mmoja alipita, akaona maji yanachuruzika vitakoni mwa vikombe, akajitanda kanga kichwani, akaondoka polepole. Wivu, nikajua. Wa pili akaja na unga wa muhogo, akanipa kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu. Lini?"

"Jana jioni," nikajibu nikitabasamu. Nilidhani anauliza nilimaliza lini.

Akamgeukia mwenzake aliyekuja naye. "Maskini, msiba umempanda kichwani."

Hilo sikulisikia vizuri, nilikuwa nahangaikia mikeka. Hadi adhuhuri uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanawake walikaa upande huu, wanaume upande ule, wote wakivitazama vikombe. Nikawaza, kumbe wanakijiji wetu wanapenda maua namna hii, na redio inatuambia hatujaendelea!

Ndipo basi la Tandahimba likamshusha Bibi. Alipoona umati nyumbani kwake alitupa kifurushi, akaja anapiga mayowe, "Mjukuu wangu! Mjukuu wangu jamani!" Waombolezaji, waliomjua kwa sura tangu siku ya lori, kumwona, nao wakapiga yao. Wawili waliruka uzio, na hadi leo hawapendi kukumbushwa.

Bibi alinishika mashavu, akahakikisha ni mzima. Kisha akaviona vikombe.

"Nani amewaambia nimekufa?"

Nikaelezwa, tena na watu wengi kwa pamoja. Mtu akishazikwa, vyombo alivyokuwa akilia chakula huwekwa juu ya kaburi lake, na kwanza hutobolewa kitako, aliye hai asije akavitamani. Mimi na watoto wenzangu makaburini hatukupelekwa. Nilikuwa nimempambia Bibi kaburi, tena likapendeza.

"Nilitaka usiende, Bibi," nikasema, machozi yananitoka.

Hakunisikia. Alikuwa anawapitia watu kwa macho, mmoja mmoja.

"Yule nani?"

"Wa nyumba ya tatu."

"Macho mekundu vile, ananililia mimi?"

"Tangu asubuhi, Bibi."

"Hanijui!" akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi. "Kule kwa mjomba wako nimekaa, hakuna jirani aliyeniuliza hata nimelalaje."

Akaketi mkekani, katikati kabisa. Mwanamke mmoja kijana akamsogelea hatua kwa hatua, akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu msibani." Akanigeukia. "Wewe, acha kulia, kasonge ugali. Wageni wangu watalala njaa? Na hicho kifurushi kiingize ndani."

Nilikiingiza mbio, nikakifungua kabisa, asije akabadili mawazo. Nilipokuwa nawasha moto nikamsikia akiuliza kwa sauti ya juu, nyumba zote za mstari wetu zisikie:

"Na mke wa mwenyekiti mbona simwoni? Nimekufa tangu jana!"