Vali ya Kutenga Namba Mbili

Kabla hajapelekwa kozi, msimamizi wa zamu katika mtambo wa umeme wa mvuke alikuwa mtu wa kawaida tu, anapiga soga na mafundi wake. Aliporudi, kichwa kilikuwa kimemvimba. Mafundi walikuwa na majina yao ya tangu zamani: vali inayokata mvuke kwenye bomba la chini waliiita koo, ile ya kupunguza presha waliiita pua, na pampu kuukuu inayokohoa asubuhi waliiita bibi. Yote akayapiga marufuku.

"Hapa ni mtambo, si kijiwe," alisema. "Vali ya kutenga. Vali ya usalama. Anayetaka koo aende hospitali."

Wakampachika jina la Kamusi. Aliyecheka zaidi ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa mabomba, ambaye kazi hiyo alitafutiwa na Kamusi mwenyewe.

"Kaka, shemeji naye siku hizi unamwitaje?" alimtania. Masomo ya maneno mapya aliyahudhuria kwa kusinzia, na Kamusi akamwachia, maana ni mdogo wake.

Siku wakubwa walipokuja kukagua, kiungo cha bomba la chini kilianza kuachia mvuke. Mdogo mtu alikuwa huko huko chini, peke yake, mbele yake vali tatu.

"Funga vali ya kutenga namba mbili," Kamusi aliamuru kwenye redio koli.

"Ipi hiyo, kaka?"

Neno moja tu lingetosha, na lilikwisha kumfika mdomoni. Lakini wakubwa walikuwa wamesimama ubavuni pake wakisikiliza, naye alitaka kujikosha kwao. Akalimeza.

"Vali ya kutenga namba mbili," akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

"Unasema koo, kaka?"

Kabla hajaitikia, kiungo kikafyatuka. Mvuke ulimchoma mdogo wake uso mzima, ukaondoka na macho yote mawili.

Kamati ya uchunguzi ilikaa. Ikamuuliza Kamusi kama amri aliitoa kwa maneno yaliyoidhinishwa. Akajibu ndiyo, na alisema kweli, ndiyo balaa yenyewe. Ikaamuliwa kwamba fundi alipuuza mafunzo; akaachishwa kazi akiwa bado amefungwa bandeji. Kamusi akapewa cheo cha kufundisha istilahi mitambo yote ya shirika. Angeweza kukataa. Hakukataa, na aibu hiyo anaijua mwenyewe.

Mdogo wake hakumsemea kwa mtu. Wageni walipomuuliza alijibu, "Nilichelewa kufunga, basi." Jibu hilo lilimkata Kamusi maini kuliko tusi lolote.

Jumapili moja Kamusi alikwenda kwa mama yao, alikokuwa akikaa mdogo wake. Mama alimpakulia mdogo, akaushika mkono wake, akauongoza kwenye sahani. "Hapa nyama, mwanangu. Hapa mboga."

Kamusi akakaa kungoja sahani yake. Mama akafunika sufuria.

"Wewe una macho," alimwambia. "Jipakulie."