Kilio mu Nyumba ya Vita

Miye Hortense niko mwalimu wa primaire. Batoto bananiitaka Madame Moto na sibakatalie, juu ni kweli, naungua mbio. Mwaka huu, wakati ya vacances, masomo inafungwa, mu ile kipwa bila mvua yenye baridi ya asubui inakataka masikio, nilipata kazi ku Nyumba ya Vita, kule Naviundu.

Ni nyumba ya zamani. Mu kibambazi, mu ukuta, mungali matundu ya masasi ya wakati ya Sécession, wakati Katanga ilitaka kujitenga na Congo, bajendarme yake bakapigana na basoda ya ONU, ya Umoja wa Mataifa. Nyuma, mu lupango ya ile nyumba, kuko shimo murefu, njo mule bajendarme balikuwa banajificha. Kazi yangu ilikuwa kutembeza bageni na kubaelezea. Directeur, bwana Pierre, muntu wa koti na viatu ya kungaa, alinifundisha namna ya kumalizia: nafika pa shimo, nasema, "Hapa balikufa bengi, majina yabo hayulikane." Kiisha nanyamaza. Alipendaka sana ile kunyamaza. Alisema njo inagusaka bageni mu roho.

Pa ngambo ya mutoni kulikuwa mama moja muzee, Marie-Thérèse, muuzishaji wa bitoyo, samaki ya chumvi. Alianza kupita pa mulango yetu na beseni yake ku kichwa, anatuuzishia samaki, anakaa kidogo anapumzika. Siku moja nilimuuliza juu ya nini anaangaliaka ile shimo vile. Njo alinielezea.

Tata yake, Chishimba, alikuwa jendarme. Yee Marie-Thérèse alikuwa mutoto mudogo. Asubui moja, masasi inalia kila fasi, tata alitoka, alisema tu: "Munibakishie bukari." Hakurudi tena. Bamoja balisema alikufa, bengine balisema alivuka Angola na benzake, atarudi. Bantu bakakuya kulia, mama yake akabafukuza pa mulango. "Ukimulilia muntu mwenye hukuona maiti yake," alisema, "unamuua na kinywa yako." Basi kilio haikukuwa. Kila magaribi mama alisonga bukari, ugali wetu, alikata kidogo, akaiweka pembeni, akaifunika na sahani. Alikufa anaifunika. Bandugu bote nabo bakafa. Akabakia yee Marie-Thérèse na bukari ya tata yake.

"Mama," nikamuuliza, "mpaka leo unaiwekaka?"

"Mpaka jana."

Yoo! Nikakaa chini pembeni yake.

"Madame," akasema, "nazeeka. Nikikufa mbele sijamulilia tata, nani atamulilia? Nataka kilio yake, hata ya siku moja, roho yangu ipumzike. Lakini nitalia na nani? Kidole moja haiuwe chawa."

Samedi, njo jumamosi yenye ilifuata, bageni bengi balikuya, benye suruali safi na téléphone mu mikono. Marie-Thérèse alitufuata kwa nyuma, beseni ku kichwa. Tulifika pa shimo. Nilisema maneno yangu: balikufa bengi, majina yabo hayulikane. Nikanyamaza. Na mu ile kimya, sauti yake ikatoka: "Yoo tata eh! Tata Chishimba! Unaniacha na nani?" Beseni ikaanguka, bitoyo ikamwangika, yee mwenyewe chini, anajimwangia udongo ku kichwa. Siku ile njo alikubali kusema tata yake alikufa. Na bale bantu? Balinyanyua téléphone. Kiisha moja alianza kupiga makofi, bote bakapiga.

Damu yangu ikapanda. Lakini bwana Pierre alikuya mbio mbio, anacheka na meno yote. "Mama, ni muzuri sana! Ukuye kila samedi!"

Marie-Thérèse akanishika mukono, macho ingali na machozi. "Madame, unasikia? Bwana Pierre ananipatia kilio!"

"Mama, hapana," nikamuambia. "Bale beko mu kutembea tu. Haiko kilio."

"Eh, Madame! Benye kukuyaka ku kilio, bote banayuaka mwenye alikufa? Bengine banapitaka tu. Banakaa kidogo, banalia, banaenda. Inatosha."

Nilienda kumugombeza bwana Pierre: mama anawaza ni kilio ya kweli! Akanijibu, "Hortense, bageni banapenda. Inakuuma nini?" Nilimujibu neno yenye mwalimu haandikake ku tableau.

Samedi ikafika. Marie-Thérèse alivaa kikwembe nyeusi, kitambaa ku kichwa, na mukeka mukubwa chini ya kwapa, wa kuenea bamama bengi. Aliutandika pembeni ya shimo, akakaa, akapiga-piga fasi yenye kubakia. "Mukae, batoto yangu. Mukae."

Hakuna mwenye alikaa. Balirudi nyuma kidogo, bamupate muzuri mu picha.

Alianza kulia peke yake. Sikuweza kuona ile. Nilivua viatu, nikakaa ku mukeka, nikalia naye, nikamuita Chishimba kama ni tata wangu. Bakatupigia makofi shiye bote mbili. Binti moja akasema, "Mama, ulie tena kidogo, téléphone yangu ilizimika."

Marie-Thérèse akanyamaza. Akabaangalia moja moja. "Madame," akaniuliza polepole, "ni kilio ya wapi hii, ya bantu kupiga makofi?"

Alikunja mukeka. "Basi. Tata angojee tena," akasema, akaenda. Miye nilimutupia bwana Pierre funguo zake ku meza, nikamufuata mama mpaka kwake. Tukapatana: mu mwezi ya kumi na moja, ku Siku ya Bafu, siku ya kukumbuka benye balikufa, nitaleta bamama ya kanisa, tutakaa mu nyumba yake, tutamulilia Chishimba kilio ya kweli. Alifurahi. Akaanza hata kutafuta kuni.

Mvua ya kwanza ikamuletea homa. Alikufa mbele ya ile siku kufika.

Bantu balisemaka vita inaisha siku bunduki inanyamaza. Bongo, uongo mutupu! Niliifundisha vile ku batoto miaka mingi, na ni bongo.

Ku kilio yake nyumba ilijaa: bamama ya soko, bamama ya kanisa, majirani, babaume inje pembeni ya moto wa zile kuni zake. Maiti katikati yetu. Niliingia mu jikoni kutafuta maji, nikaona sahani inafunika sahani. Sikuifunua. Nilirudi, nikakaa chini, nikalia: "Yoo mama Marie-Thérèse!" Kiisha roho ikapasuka, nikaita na nguvu yote: "Yoo tata Chishimba eh! Chishimba, mutoto wako anakuya!"

Hakuna hata mama moja aliuliza Chishimba ni nani. Bakapokea: "Tata Chishimba yoo! Unatuacha na nani?" Nyumba yote ikamulilia. Inje babaume bakasimama, bakavua kofia. Balimulilia mpaka sauti ikakauka, na hakuna mwenye alipiga makofi.

Ilikuwa kilio muzuri sana, vile vile aliitakaka. Na yee alikuwa analala pale katikati, pamba mu masikio.