Mwindaji Asiyeleta Nyama

Nyani wananuka kabla hujawaona. Harufu ya manyoya yaliyolowa ukungu, na mkojo, na mahindi mabichi yaliyotafunwa, inateremka na upepo wa asubuhi, na ukiisikia ujue wameshakaa shambani kwako kama wageni wa harusi. Shamba letu hapa Vudee ni mwinuko mtupu, na utotoni mlinzi wake nilikuwa mimi, na kombeo la katani alilonisokotea bibi. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na mwaka mmoja hao wengi walimaliza kila kitu. Baba alikuwa ameshafariki. Msimu uliofuata mama akashika kiuno, sauti kama mzee wa baraza: "Mahindi yakiliwa tena, sina cha kukulisha. Unashuka Kihurio kwa shangazi yako, ukawinge ndege kwenye mpunga." Kihurio nilishafika mara moja, mbu wakanijua mpaka jina. Nikaapa sishuki.

Msimu huohuo alikuwepo fundi Olafu, Mnorwe aliyekuja kuezeka upya kanisa letu la Kilutheri. Mrefu kama mlingoti wa bendera, magoti yanalia kama mlango mbovu akipanda ngazi. Jioni moja alikuja kwetu kula makande, na bibi yangu akamhoji, maana bibi alimhoji hata kuku. Kiswahili cha Olafu kilipanda na kushuka kama njia za kwetu: "Mimiii zamani kukimbiaaa, halafu kupigaaa." Tukaelewa polepole. Kwao mvua inaanguka nyeupe na inalala chini miezi. Tangu kijana alifunga mbao ndefu miguuni, bunduki mgongoni, anateleza anapanda milima mpaka kifua kinataka kupasuka, kisha analala kifudifudi kulenga vibao vidogo vyeusi. Akikosa, anaongezewa mzunguko. Aliishindania nchi yake hivyo mpaka magoti yakakataa.

Bibi akaweka kijiko chini. "Na nyama?"

"Nyama hapana, Bibi."

"Hata sungura, baba?"

"Vibao tu." Anacheka.

Bibi hakucheka. Kwetu mtu akienda porini na silaha, kuna mjomba nyumbani anangoja paja lake. Mwanamume abebe bunduki ujana wote asilete hata ukwato, huyo kuna mtu kamfunga kwa uchawi. Bibi akapita kwa majirani akinong'ona, "Maskini, ndiyo maana kakimbia kwao." Jumapili wazee wakampelekea paja la mbuzi, wamevua kofia kama wako msibani. "Pole, mwanetu. Hili liwe la wajomba zako." Olafu akapokea kwa mikono miwili, uso mwekundu kama nyanya, akashukuru sana, hakuelewa hata kitu kimoja.

Lakini kazi yangu aliielewa kuliko mtu yeyote. Akiwa juu ya paa aliniona nikiupanda mwinuko wa shamba mbio, nikifika tu narusha, jiwe linaangukia kwa jirani. Akashuka, magoti yakilia. "Wewe kukimbia vizuri. Kupiga vibaya sana." Akajigusa kifua: "Moyo kwanza. Toa pumzi. Ngoja. Halafu jiwe." Nikikosa, nazunguka shamba zima. Bibi akipita anasema, "Mzungu anamchosha mtoto, nyani wanashiba." Nikamuuliza Olafu tungoje nini wakati adui anakula. Akasema mbio zake za mwisho alifika penye vibao mbele ya wote, kimoja kimebaki, watu wakapiga kelele, naye akazisikiliza. Akakosa. Akazunguka huku wenzake wanampita. "Kelele si yako," akaniambia. "Jiwe ni lako."

Mahindi yakashika punje. Asubuhi moja ile harufu ikateremka, nikapanda mbio, nikakuta dume la nyani kwenye mstari wa kwanza, nyuma yake ukoo mzima unangoja. Nyani anamdharau mwanamke, sembuse msichana. Akanitazama, akaendelea kumenya. Mama kule chini anapiga yowe: "Rusha, wewe! Umesimama kama nguzo ya simu! Jamani, mtoto kalogwa!" Nikatoa pumzi. Nikangoja. Dume akanigeuzia mgongo avunje hindi jingine, nikaachia. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Siku ile alilihisi. Akaruka, akalia kama mwimba kwaya aliyekanyagwa kidole, akatokomea bondeni na ukoo wote nyuma yake. Juu ya paa Olafu alikuwa amenyanyua nyundo, anacheka na kulia. Nyani walijaribu tena, nami nikangoja tena, mpaka tukavuna. Mama alipojaza ghala, habari ya shangazi haikutajwa.

Olafu alirudi kwao, na paa lake mpaka leo halivuji. Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu watu wenye mbao miguuni na bunduki mgongoni, wamevaa nguo za kubana kama soksi. Nyani bado wapo. Watoto wako shule, na ni haki yao, kwa hiyo shamba linalindwa na bati linalogongwa na upepo, na mimi. Wanangu wakija Krismasi wanaanza, sauti tamu kama wauza sabuni: "Mama, shuka ukakae Kihurio, kuna umeme, kuna joto, huku juu utakufa na baridi." Wananiambia hayo midomo imejaa mahindi yangu. Nawaacha wamalize, kisha nawaambia: dume la nyani mwenye meno kama vidole hakuweza kunishusha mlima huu, ninyi mnakuja na maneno?