Zamu ya Pili Si Nyumba Ndogo

Watu wakiniuliza nani aliua bendi yetu, wanategemea niseme ni soko huria. Soko halina mikono. Bendi iliuawa na ofisa utumishi wa kiwanda cha nguo kilichoimiliki, yule aliyeyaandika magitaa yetu kwenye orodha moja na matoroli na mizani, ili mwekezaji akabidhiwe vyote kwa pamoja. Magitaa yakafungiwa stoo, sisi tukafungiwa nje ya geti. Mimi mwimbaji niliyeishia darasa la nne ningeenda wapi? Nilipanda mlimani kulima karoti kwenye shamba la ukoo wa mke wangu, maana huku Uluguru ardhi hufuata upande wa mama.

Ikapita miaka mingi. Redio za watu binafsi zikaanza kupiga nyimbo zetu za zamani, na mpiga solo wetu, ambaye alishahamia Dar, akaja kunitafuta Mafiga, mtaa wa mjini tulikohamia baadaye bila kuacha shamba. Alitaka tutoe kanda mpya, jina la bendi lilelile, na wale tuliobaki hai. Tulikuwa wanne. Nilikubali kabla hajamaliza chai yake.

Katika nyimbo nane alizochagua, mmoja nilitunga mimi. Kiwandani nilikuwa zamu ya kwanza, mke wangu zamu ya pili, idara ya kusokota nyuzi. Saa tisa alasiri tulipishana getini, mimi natoka yeye anaingia. Ananipa funguo, ananiambia mtoto amekula nini, king'ora kinalia. Ndoa yetu kwa miaka miwili ilikuwa dakika zile. Ndiyo nikaimba kwamba mpenzi wangu ni zamu ya pili, namwona kwa kupishana. Kila mfanyakazi alielewa.

Fundi wa studio kule Dar hakuwahi kusikia king'ora cha kiwanda. Alipousikia wimbo alivua vile vya masikioni akacheka. "Mzee, kumbe ulikuwa na nyumba ndogo?"

Nilimngoja mpiga solo amweleweshe, maana yeye mwenyewe alikuwa zamu ya pili. Hakumwelewesha. Akasema hapo ndipo penye biashara, kwamba siku hizi hakuna anayejua zamu ni nini, viwandani wamebaki popo. Ubeti wa pili ukabadilishwa palepale. Mke wangu akawa kimwana anayengoja zamu yake kwa mume wa mtu. Nikasema huyu ni mama wa watoto wangu. Mpiga solo akanijibu huku anakaza nyuzi: "Basi rudi mlimani ukamwimbie yeye na karoti zake."

Nikaimba. Nimewataja wakosaji wengine, na mimi nimo, sijitoi. Miaka yote ile nilitamani kusikia sauti yangu redioni, na kwa tamaa hiyo niliitikia maneno yao mara tatu, mpaka fundi aliporidhika.

Kanda ilitoka ikapokewa vizuri. Sokoni, mahali mke wangu anapouzia mboga, wenzake walipata la kusema. "Shikamoo, Bi Mdogo. Leo zamu yako au ya mwenzio?" Yeye aliendelea kufunga mafungu ya mchicha. Nyumbani hakunigombeza. Alisema tu, "Ulinitungia mimi. Umewagawia," akaenda kuteka maji.

Uzinduzi rasmi ulifanyika hapa mjini, Jumapili mchana. Wanawake waliokuwa idara ya kusokota walikuja wamevaa sare, naye mke wangu akakaa katikati yao, mkoba mapajani kama mtu aliye safarini. Zamu ya Pili ilipofika kwenye chemko, pale gitaa linapokimbia na waitikiaji wanaachiwa uwanja, niliimba maneno yangu ya zamani. Mpiga solo alinisogelea mpaka mabega yakagusana.

"Acha ujinga," akasema, uso ukiwacheka watu.

Sikuacha. Wanawake wale wakayadaka, wakaitikia wakiwa wamekaa, halafu mmoja akasimama, na wengine wakamfuata. Mke wangu alisimama mwisho. Hakucheza, ila midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilipomwona hivyo nikauruka mstari mzima wa mwisho, nikamalizia na mlio wa mdomo tu.

Jumanne nikaletewa habari kwamba nafasi yangu imepata mtu. Kanda bado inauzwa, na maneno ni yaleyale yao. Sokoni hata hivyo siku hizi wanamwita jina lake.

Jioni ya siku hiyo ya Jumanne alikuwa anamenya viazi. Akasema bila kuinua uso, "Mstari wa mwisho uliuruka."

"Niliusahau."

"Umesahau wimbo wako mwenyewe?"

Akaweka kisu chini, akanitamkia mstari huo polepole, kama anayemtuma mtoto dukani. Nikarudia. Akasema hapana, sivyo, sikiliza tena.