Kebo ya Shangazi

Darasa zima la mitandao ya kompyuta lilimwita Shangazi, na mwalimu, ambaye angeweza kuwa mwanawe, naye akafuata. Shangazi alikuwa msusi kabla ya kuja chuoni, na vidole vyake havikusahau. Alizitenganisha nyuzi nane za kebo kwa ukucha wa kidole gumba, akazinyoosha na kuzipanga kwa rangi, huku akizinong'oneza kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kusukwa. Plagi ya nchani ikimgomea, aliikata akaanza upya bila hata kuguna. Aliyemwambia "lete nikusaidie" alijibiwa, "Kichwa hiki nasuka mwenyewe."

Siku moja alichomeka ncha zote mbili za kebo kwenye swichi ileile, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote. Taa zake zikapepesa kama zimepandwa na wazimu, na mtandao wa chuo kizima ukakwama. Kelele zikaanza ofisini kwa mkuu, ghorofa ya juu. Mwalimu akanyoosha mkono achomoe, akakuta kiganja cha Shangazi kimemtangulia.

"Nimefunga mimi, nafungua mimi."

Aliifuata kebo kwa kidole, ncha hadi ncha, kama hakuna anayemngoja, kisha akachomoa. Taa zikatulia. Mwalimu ndiyo kwanza anashusha pumzi, akamwona anaichomeka tena palepale, makusudi, macho kwenye taa.

"Shangazi, ofisini watatuua."

"Wangoje," alisema. "Mara ya kwanza niliharibu. Sasa ninasoma."